Bei ya shati haisemi aliyelishona alilipwa nini

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: nunua nguo ya bei mbaya, maana ya bei rahisi ndiyo hushonwa kwa kuwanyonya wafanyakazi. Si kweli. Kiwanda kimoja huweza kushona fulana za bei zote mbili, kwa cherehani zilezile na ujira uleule. Jengo la viwanda lililoporomoka Savar, Bangladesh, mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100 lilishonea chapa za bei tofauti. Kinachochanganya ni lebo: hutaja nchi, haitaji mshahara. Angalia kama kampuni imetangaza viwanda vyake na ujira unaolipwa humo (nyingi hutaja viwanda, kwenye ujira kimya). Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze.