Kupanga taswira ya msukosuko wa plasma: maana yake nini?

Taswira ya kisayansi ni picha inayochorwa kutokana na namba. Kuipanga maana yake ni kuamua, kabla kompyuta haijaanza kazi, picha itajibu swali gani na ni namba zipi zitunzwe ili iweze kulijibu. Kwenye msukosuko wa plasma, anayechelewa kuamua hukuta namba alizozihitaji zimeshafutwa.

Plasma, ambayo wengine huiita utegili, ni gesi iliyopata joto hadi elektroni zikaachana na atomu. Katika ITER, mashine ya aina ya tokamaki (chombo chenye umbo la pete kinachoifungia plasma kwa sumaku) inayojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, inakusudiwa ifike nyuzi milioni 150 za Selsiasi, nayo itazuiwa na sumaku isiguse kuta. Fikiria kata ya khanga anayoisokota mtu kabla ya kujitwisha ndoo: duara lenye tundu katikati, na mikunjo ya kitambaa ikilizunguka kwa mshazari. Mistari ya uga wa sumaku hupita hivyo hivyo. Msukosuko ni mizunguko midogo inayoibuka humo, kama ile ya maji ya mto nyuma ya nguzo ya daraja, nayo huvujisha joto kutoka katikati kwenda ukingoni.

Uigaji wa kompyuta unaotumika sana hapa hufuatilia vipimo 3 vya mahali na 2 vya kasi ya chembe. Tuseme mahali pana nukta 256 × 128 × 32, na kasi 64 × 32. Hizo zinapita bilioni 2. Kila namba ikichukua baiti 8, hali ya plasma kwa nukta moja tu ya wakati ni gigabaiti 17. Hali 1,000 ni terabaiti 17. Lakini ukijumlisha kasi zote na kutunza msongamano wa chembe peke yake, kila hali inashuka hadi megabaiti 8 hivi. Kwa anayetaka kuona mizunguko, hiyo inatosha kabisa. Anayetaka kujua ni chembe za kasi gani zinazobeba joto ameshapoteza jibu, na hana budi kurudia uigaji mzima. Ndiyo maana mimi huona swali liandikwe kwanza, kwa sentensi moja, hata kabla ya kuchagua programu ya kuchorea kama ParaView au VisIt.

Halafu kuna umbo. Mizunguko hii hurefuka mita kadhaa kando ya mistari ya sumaku, ilhali upana wake ni wa milimita au sentimita. Picha ya duara zima hupendeza kwenye jalada, ila undani wake hauonekani. Ikate kata yako kwa kisu kama mkate: kipande kile cha mviringo ndicho kinachoonyesha mizunguko vizuri.

Rangi nazo zinadanganya. Katikati ya plasma msongamano hubadilika kwa asilimia 1 hivi tu, kwa hiyo ukichora msongamano wote utaona rangi moja tulivu. Ondoa wastani kwanza, kisha tumia buluu kwa upungufu, nyeupe kwa sifuri na nyekundu kwa ziada. Rangi za upinde wa mvua ziepuke, kwa sababu ule mstari wa njano hujitokeza kama mpaka mahali pasipo na mpaka.

Mfano ninaoupenda ni wa 1998, wa mwanafizikia Zhihong Lin na wenzake katika jarida la Science. Walilinganisha uigaji wa aina mbili: mmoja plasma iliachwa ijitengenezee mikondo ya kuzunguka, mwingine mikondo hiyo ilizuiwa. Palipo na mikondo, mizunguko mirefu ilikatikakatika na uvujaji wa joto ukapungua. Picha mbili, tofauti moja.

Ukitaka filamu, panga pia muda kati ya picha na picha uwe mfupi kuliko uhai wa mzunguko mmoja. La sivyo mizunguko itaonekana ikirukaruka, au hata ikienda kinyume, kama magurudumu ya gari yanavyoonekana kurudi nyuma kwenye video.