Moduli ya redio ya nRF24L01+: tuanze na umeme, msimbo utafuata

Watu wengi wanaoniletea bodi mbili za Arduino (kompyuta ndogo za kuprogramu) zisizosikilizana kwa redio huwa wamekwisha kuandika upya programu yao mara tatu au nne, nami huanza kwa kuangalia waya mmoja tu, ule unaoipelekea redio umeme. Hapo ndipo ninapokuta tatizo mara nyingi zaidi kuliko mahali pengine popote.

Chipu ya nRF24L01+, iliyobuniwa na kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norway, hurusha mawimbi katika masafa ya gigahezi 2.4 na hutumia umeme wa volti 1.9 hadi 3.6. Pini zake za kupokea data huvumilia volti 5, kwa hiyo pini 11 na 13 za Arduino Uno zinaweza kuunganishwa nayo moja kwa moja, lakini pini yake ya kuingizia umeme, VCC, ikipewa volti 5 hizo hizo chipu inaungua.

Kwa hesabu ya karatasini umeme unatosha kabisa, kwani chipu ikirusha kwa nguvu yake yote hutumia miliampia 11.3, ilhali pini ya volti 3.3 ya Uno hutoa hadi miliampia 50. Shida ni kwamba redio haitumii umeme kwa utulivu: hulala, huamka ghafla, hurusha, kisha hulala tena, na kila inapoamka volti hushuka kwa muda mfupi mno, hasa waya zikiwa ndefu na nyembamba. Niliwahi kufunga kipimo cha maji kwenye simtangi la jirani yangu, kikafanya kazi vizuri mezani, lakini kilipopandishwa juu ya paa kikanyamaza. Multimita ilionyesha volti 3.3 bila kuyumba, kwa sababu ni ya polepole mno kuona mshuko wa muda mfupi kiasi hicho. Nililehemu kapasita, akiba ndogo ya umeme, ya maikrofaradi 47 kwenye miguu ya VCC na GND (upande hasi) ya moduli yenyewe, upande wenye mstari ukiwa GND, na data ikaanza kufika bila mimi kugusa hata herufi moja ya programu.

Kapasita peke yake haitoshi kwa moduli zile ndefu zenye antena ya nje na kikuza mawimbi, ambazo huweza kuhitaji zaidi ya miliampia 100 zinaporusha. Hizo ninazipa regyuleta yake, yaani kidhibiti volti, ya volti 3.3.

Umeme ukishatulia, ninaiagiza maktaba ya RF24, msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuendesha redio hii, ichapishe rejista za redio (vihifadhi vya mipangilio yake) kabla sijatuma chochote. Anwani zikisomeka sifuri tupu au FF tupu, bodi haiongei na chipu, na mara nyingi waya za data, MISO (unaotoka kwenye redio) na MOSI (unaoingia), zimebadilishana nafasi.

Baada ya hapo, pande zote mbili lazima zikubaliane kuhusu anwani, chaneli na kasi. Namba ya chaneli ikijumlishwa na 2400 hutoa masafa kwa megahezi, kwa hiyo chaneli 76, ambayo maktaba huichagua isipoambiwa vingine, ni megahezi 2476, juu kidogo ya chaneli 11 ya Wi-Fi. Kwa umbali mkubwa ninachagua kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, kwa kuwa mpokeaji husikia mawimbi hafifu vizuri zaidi kasi inapokuwa ndogo.

Lipo kosa moja la msimbo linalostahili kuogopwa, nalo huwapata wanaotuma kutoka Uno kwenda ESP32, bodi ya aina nyingine. Aina ya namba iitwayo int ina baiti 2 kwenye Uno na baiti 4 kwenye ESP32, hivyo pakiti hufika salama lakini kina cha maji cha sentimita 140 huweza kusomeka kama namba isiyo na maana. Ninaandika int16_t pande zote mbili, kisha ninahesabu baiti za pakiti nzima kwa mkono, kwa sababu redio hii haibebi zaidi ya 32 kwa mara moja.