Kipimo "yakinifu" cha usikivu: yakini ya nini?

Wazazi huja na karatasi imeandikwa "kipimo cha lengo cha usikivu". Lengo lipi? Mtafsiri alikutana na neno la Kiingereza "objective", lenye maana mbili, "lengo" na "kisichotegemea maoni ya mtu", akaokota ile isiyohusika. Wengine huandika "kipimo yakinifu", na hilo linanikera zaidi kwa kuwa linapendeza sikioni. Yakini tumeipata kwa Waarabu: ni kujua pasipo chembe ya shaka. Mwambie mama kwamba kipimo ni yakinifu, atayatunza majibu kama hati ya kiwanja.

Maana yenyewe ni fupi. Ni kipimo ambacho mtoto haulizwi chochote. Hanyooshi mkono, hageuki, na akilala ndiyo vizuri zaidi. Sauti inapigwa, mashine inanasa mwili umefanya nini. Kinachopimwa ni mwitiko.

Kwa watoto wengi, kuitika na kusikia huenda pamoja. Kwa mwenye hitilafu ya neva ya usikivu, ile inayopeleka sauti ubongoni, huachana. Mwaka 1978 David Kemp, huko London, alionyesha kwamba sikio hurudisha mwangwi hafifu. Unatoka kwenye seli za nje zenye vinyweleo, ndani ya koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kilichojikunja kama konokono, na kipimo cha mwangwi huishia hapohapo. Njia ya kwenda ubongoni hakiigusi. Kipimo cha shina la ubongo ndicho hufuata njia hiyo: elektrodi hubandikwa kichwani, mawimbi ya umeme yakasomwa. Kwa watoto hawa mwangwi huwa mzuri, angalau mwanzoni, ilhali mawimbi hayapo au yamevurugika. Arnold Starr na wenzake waliupa ugonjwa huu jina mwaka 1996, wakieleza wagonjwa 10.

Sasa kosa huja kutoka pande mbili. Aliyeona mwangwi husema, "Anasikia huyu." Aliyeona mstari wa mawimbi umelala, yaani hakuna wimbi, husema, "Kiziwi kabisa." Wote wamesoma karatasi kuliko inavyosema. Neva ya usikivu ina nyuzi kama 30,000, na mawimbi huonekana pale tu nyingi zinapofyatuka kwa pamoja. Mashine hupiga sauti mara mia kadhaa hadi maelfu na kuchukua wastani. Nyuzi zikipishana kidogo tu, kama ngoma ambayo kila mpigaji ana mdundo wake, wastani hufuta kila kitu, hata kama sauti ilifika. Mtoto huyo anaweza kushtuka mlango ukibamizwa na bado asipambanue maneno, hasa penye kelele. Mwingine kweli hasikii. Mstari uliolala hautenganishi hao wawili, kwa hiyo hauwezi kutumika kupangia nguvu ya kifaa cha kusikia.

Ndiyo maana pia mtoto njiti aliyelazwa muda mrefu, au aliyepata manjano kali, kwa kuwa yuko kwenye hatari zaidi ya hitilafu hii, haifai apimwe mwangwi pekee kisha aruhusiwe nyumbani.

Basi, mwenzangu unayejaza zile karatasi, kwenye mwangwi andika tu "koklea imeitika". Kwenye mstari uliolala andika "mawimbi ya neva hayakuonekana". Kiasi anachosikia kiache wazi mpaka afikishe miezi sita, saba hivi, aweze kugeuza shingo kukitafuta kidoli kinachowaka taa sauti inapotoka.