Je, wajua kwa nini hewa iliyopitia kwenye mabomba yaliyozikwa ardhini huingia ofisini ikiwa imepoa?

Ukichimba mita 2 hadi 3, joto la mchana halikufuati tena. Udongo hupitisha joto polepole mno: tofauti ya mchana na usiku huishia karibu na uso wa ardhi, na ya majira hufifia kadiri unavyoshuka. Kinachobaki ni nyuzijoto zinazokaribia wastani wa mwaka wa mahali hapo. Basi ujue wastani huo kabla ya kununua bomba hata moja. Ukiwa 28, mabomba pekee hayatakupa hewa ya nyuzi 24, uyazike utakavyo.

Tuseme nje ni nyuzi 34 na udongo ni 24. Feni inavuta hewa kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde ndani ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 40. Hewa hutoka na nyuzi 26 hivi, kiasi cha mita za ujazo 500 kwa saa, ya kuwatosha watu 14. Ardhi imepokea karibu kilowati 1.4. Ukirefusha bomba hadi mita 80 hewa itapoa kwa nyuzi 1.5 zaidi tu, maana hewa ikishakaribiana na udongo haina joto la kuacha. Ni afadhali mabomba kadhaa membamba, yakiachana kwa mita 1 au zaidi.

Hapa wengi hukosea hesabu. Hizo kilowati 1.4 ni joto ambalo hewa ya nje ingeingia nalo. La miili, kompyuta na jua la dirishani bado limo ndani. Chumba kikiwa na nyuzi 27, hewa ile ya 26 inaondoa wati 170 tu. Bila vivuli madirishani, mfumo huu utalaumiwa bure.

Adui mkubwa ni maji. Hewa ya nyuzi 34 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini yake, kama ukuta wa bomba lililo kwenye udongo wa 24. Maji yakituama, kuvu huota na harufu yake hufika mezani kwa watu. Bomba lipewe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, likielekea shimo la kukusanyia maji lenye mfuniko usiopitisha hewa. Ndani liwe laini, kwani mikunjo hushika maji. Viungo viwe na mipira imara, la sivyo maji ya ardhini, na penye miamba ya aina fulani gesi ya radoni (yenye mionzi ya kudhuru), vitapenya. Mdomo wa kuingizia hewa uwe juu, mbali na moshi wa magari, wenye wavu na chujio. Acha pia njia ya kupitishia brashi.

Shindilia udongo vizuri kuzunguka bomba. Mwanya wowote huzuia joto kupita. Udongo wenye unyevu hufanya kazi vizuri kuliko mkavu.

Baada ya saa nyingi, udongo unaogusa bomba nao hupata joto. Usiku, nje ikishuka chini ya joto la udongo, pitisha hewa bombani na kuitoa nje moja kwa moja ili ardhi ipoe. Wakati huo jengo livute hewa kwa njia nyingine: hewa ya nyuzi 20 ikipita kwenye udongo wa 24 itaingia ofisini ikiwa na joto zaidi. Kipimajoto kimoja kiwe nje na kingine mwisho wa bomba, na mlango wa kuchagua njia ya hewa ufuate penye baridi zaidi.