Chama cha Republican: dhana potofu na ukweli kuhusu kesho yake

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba chama hiki cha wahafidhina wa Marekani kitakufa chenyewe, eti kwa sababu wapiga kura weupe wanapungua. Hata wakuu wake waliwahi kuamini hivyo. Mgombea wao wa urais Mitt Romney aliposhindwa mwaka 2012, walitoa ripoti Machi 2013 wakishauri chama kilegeze msimamo kuhusu wahamiaji, la sivyo Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wangekipa kisogo. Donald Trump akafanya kinyume kabisa, na 2016 akashinda. Tazama kaunti ya Starr, Texas, mpakani na Mexico, ambako karibu wakazi wote ni Walatino. Mara ya mwisho kumpa ushindi mgombea urais wa Republican ilikuwa 1892. Mwaka 2024 ikampa Trump. Watu wale hawakubadilika rangi. Ni kosa kudhani kura ya mtu imeandikwa usoni pake.

Wengine husema kipigo kikubwa kitakizika. Mwaka 1964 mgombea wake Barry Goldwater alipata majimbo 6 tu kati ya 50, na miaka minne baadaye Richard Nixon wa chama hichohicho akashinda urais.

Dhana inayonisumbua zaidi ni ile ya kwamba wazee wa chama wakiamua kukirudisha katikati, kitarudi. Hawana uwezo huo. Mgombea huteuliwa katika kura za mchujo, yaani uchaguzi wa ndani ya chama, na wanaojitokeza ni wachache, tena wenye msimamo mkali. Juni 2014, Eric Cantor, kiongozi wa Warepublican walio wengi katika Baraza la Wawakilishi, alitupwa nje na mhadhiri wa uchumi asiye na jina, David Brat. Cantor alikuwa ametumia mamilioni ya dola. Kura zilizopigwa zilikuwa kama 65,000, katika eneo lenye watu zaidi ya 700,000. Kwa kuwa maeneo mengi ya uchaguzi yameegemea chama kimoja, mbunge humwogopa mwenzake wa chama kuliko mpinzani wa uchaguzi mkuu wa Novemba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Trump akiondoka mambo yatarejea yalivyokuwa. Marekebisho ya 22 ya Katiba yanamzuia kuchaguliwa tena, lakini wapiga kura wa mchujo waliomwangusha mbunge Liz Cheney, mkosoaji wa Trump, kule Wyoming mwaka 2022, ingawa ni binti wa aliyekuwa makamu wa rais, bado wamo chamani.