Je, wajua kwa nini filamu ya 3D huumiza kichwa?

Simamisha kidole mbele ya pua, tazama ukuta ulio nyuma yake, kisha fumba jicho moja baada ya jingine. Kidole kinaruka kushoto na kulia. Mruko huo ndio mojawapo ya vipimo ambavyo ubongo hutumia kujua kitu kiko karibu au mbali. Mwingereza Charles Wheatstone aliueleza mwaka 1838, akatengeneza na kifaa cha vioo viwili kilichopelekea kila jicho mchoro wake. Miwani ya sinema ya leo inafanya kazi ileile.

Kwenye filamu ya 3D iliyopigwa kwa kamera mbili kuna mtu anayeamua mruko huo uwe mkubwa kiasi gani. Anaitwa stereografa. Anashughulika na mambo mawili: nafasi kati ya lenzi mbili, na mahali ambapo picha ya kushoto na ya kulia zitalaliana sawasawa. Kitu kilicho mahali hapo huonekana kwenye skrini yenyewe. Cha karibu zaidi hutokeza kwa watazamaji, cha mbali huzama nyuma.

Wengi hudhani ukiweka lenzi sentimita 6.5 mbalimbali, kama macho ya mtu mzima, kazi imekwisha. Wapi! Kanuni ya kuanzia ni kugawa kwa 30 umbali wa kitu kilicho karibu kabisa na kamera. Mtu aliye mita 2 anahitaji kama milimita 67. Siafu aliye sentimita 15 anahitaji milimita 5 tu. Mlima ulio kilomita 3 unahitaji mita 100: unapiga picha, unatembea, unapiga ya pili, ukiomba mawingu yasisogee. Ila mlima huo utaonekana kama mfano wa udongo juu ya meza, kwa sababu ubongo haujui macho yaliyoachana mita 100. Ukitumia lenzi ya kuvuta mbali, punguza tena nafasi hiyo, na hata hivyo watu wataonekana bapa, kama wamekatwa kwenye kadibodi.

Sasa, kamera kubwa ya sinema haikubali kukaa milimita 20 kutoka kwa mwenzake. Ni pana mno. Ndiyo maana hutumika kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu. Kamera moja hutazama kupitia kioo, ya pili huning'inia juu ikitazama chini kwenye kioo hichohicho. Lenzi zinaweza hata kulaliana kabisa. Gharama yake ni nusu ya mwanga, kwa hiyo taa huongezwa au lenzi hufunguliwa zaidi. Kero kubwa zaidi ni kwamba kioo hakigawi sawa mwanga uliokwisha kuakisiwa na kitu kingine. Mng'ao juu ya maji au kwenye kioo cha gari huonekana kwa kamera moja, kwa nyingine haupo. Dawa ni kuweka mbele ya kioo bamba angavu la robo wimbi, linalovuruga mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi ya mwanga huo kabla haujafika kwenye kioo.

Turudi kwenye kichwa kinachouma. Macho hugeuka ndani kwa urahisi, lakini moja haliwezi kwenda juu huku jingine likienda chini, isipokuwa kidogo sana. Lenzi moja ikiinama kidogo tu, misuli ya macho hushindana nayo saa mbili nzima. Kamera zisipofungua na kufunga pamoja, mkono unaopungwa huwa mahali pawili tofauti kwa wakati mmoja. Na hata kila kitu kikiwa sawa, macho hulenga makali kwenye skrini huku yakikutana mbele au nyuma yake, jambo ambalo maisha ya kawaida hayalidai. Hilo haliondoki. Stereografa hulipunguza kwa kuuweka uso wa mhusika mkuu karibu na skrini muda mwingi.

Kosa linalosahaulika zaidi ni ukubwa wa skrini. Tuseme mandhari ya nyuma yana mwachano, yaani nafasi kati ya picha ya kushoto na ya kulia kwenye skrini, wa asilimia 2 ya upana wa picha. Kwenye televisheni ya mita 1 hizo ni milimita 20, hakuna tatizo. Filamu hiyohiyo kwenye skrini ya mita 10 inatoa milimita 200, yaani macho yanalazimishwa kutazama nje, moja huku na jingine kule. Kikomo salama hapo ni asilimia 0.65. Watoto huathirika kwanza, maana macho yao yako karibu zaidi.

Ukitaka kujaribu kwa simu, chagua kitu kilicho mita 2 na kisichosogea. Egemea mguu wa kushoto, piga. Hamishia uzito mguu wa kulia bila kuzungusha simu, piga tena. Zipange picha sambamba kwenye karatasi, ya kushoto upande wa kushoto, katikati za picha zikiachana kwa chini kidogo ya sentimita 6.5, kisha zitazame kana kwamba unaangalia mbali nyuma ya karatasi, hadi itokee ya tatu katikati. Kama pua ya mtu imezama ndani na ukuta umekuja mbele, umezibadilisha.