Mbele ya picha ya Tingatinga, anza na rangi, siyo chui

Nafundisha uchoraji sekondari hapa Dar es Salaam, na huwa nawapeleka wanafunzi Oysterbay, jirani na Morogoro Stores, wanakochora na kuuza kazi zao wanaushirika wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji unaojulikana kwa wanyama wa rangi kali. Wengi wakirudi shuleni huchora chui. Chui mzuri, ila ni wa mtu mwingine. Ndiyo maana siku hizi tukifika nawaonyesha kwanza ubao na rangi, wanyama baadaye.

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alianza kuchora mwaka 1968. Alitumia hadibodi, ubao mwembamba wa kujengea uliotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, katika vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kila upande, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli. Isogelee picha moja, uitazame kwa ubavu mwanga uipitie juu juu. Utaona nyuma palipakwa kwanza, pakaachwa pakauka, ndipo mnyama akawekwa. Madoa yake yameinuka kidogo. Rangi hiyo haipendi haraka: ukipeleka nyeusi kabla njano haijakauka, zinaingiliana na mstari unaharibika. Kwangu mimi, mtindo ule ulitoka kwenye kopo la rangi kama ulivyotoka kichwani mwa fundi. Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini waliojifunza kwake walirithi namna ya kufanya kazi, na kila mmoja akaingiza ya kwake.

Kwamba mtindo huanzia kwenye vifaa, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alilielewa hilo haraka kuliko nilivyotarajia. Jirani na kwao kunajengwa, na mifuko ya saruji inatupwa tu. Akaichukua, akaikung'uta, akabandika karatasi mbili mbili kwa gundi ya unga wa ngano, akazilaza chini ya mbao zisijikunje. Anachora kwa mkaa, na nyeupe yake ni chokaa. Anawachora akina mama wanaobeba karai za zege kichwani, na maandishi ya kwenye mfuko wa saruji hayafuti. Katika picha moja yanapita mgongoni mwa mama kama chapa ya kanga. Mfululizo ameuita Zege Halilali, na nakiri nimeupenda sana.

Kinachomsumbua sasa ni chokaa: ikikauka inapukutika. Nimemwambia aichanganye na gundi nyeupe ya mbao, kidogo tu, ajaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.